Mzamiaji wa Bwawa la Kaburu

Kama ulipita njia ya vumbi inayotoka Kitale kuelekea miteremko ya Mlima Elgon mwaka wa elfu mbili na tano, au ule uliofuata, huenda ulimwona mwanamume mzima, mwenye mke na shamba, akitembea kando ya mahindi kwa kaptura, miwani mikubwa ya mpira ameipandisha kwenye paji la uso, na mkononi ameshika viatu vya plastiki vyenye umbo la miguu ya bata. Hukuwa umepotea njia. Huyo alikuwa Kipyegon, na alikuwa anakwenda kazini.

Kipyegon alikuwa mzamiaji. Katika nchi ile watu wanajua mahindi, wanajua maziwa, na wakikimbizwa kidogo wanajua mbio pia. Kuzama majini kwa hiari yako, bila kusukumwa na mtu, hakuna aliyekuwa na habari nako. Kijana huyu alijiunga na jeshi la wanamaji akiwa hajawahi kuona maji mengi kuliko ya josho la ng'ombe, akapelekwa Mombasa, akafundishwa kuzama mpaka akasahau kuogopa. Miaka yake ya mwisho jeshini walimwazima kwa watafiti fulani waliokuwa wamezamisha mabomba ya saruji na mabasi mabovu baharini ili samaki wapate makao. Kazi yake ilikuwa kulaza kamba ndefu kwenye sakafu ya bahari, kuogelea juu yake polepole, na kuhesabu samaki wa upande huu na wa upande ule. Ilikuwa kazi ya utulivu, hakuna afisa wa kumfokea kule chini, na Kipyegon aliipenda kuliko kitu chochote alichowahi kufanya kwa mikono yake.

Alipostaafu akarudi nyumbani na miwani yake, viatu vyake vya bata, na tabia ya kuhesabu kila kitu. Mkewe Lenah, mtu wa Naitiri, mwenye mdomo usiokosa neno, aliwaambia wanawake wenzake kisimani kwamba bwana wake anahesabu mpaka maharagwe ya kwenye sahani.

"Na yakipungua?" wakamuuliza.

"Ananiangalia ati ni mimi nimekula."

Sasa, hapo kijijini palikuwa na bwawa. Lilichimbwa na Kaburu mmoja zamani za walowezi kwa ajili ya ng'ombe wake. Kaburu akaenda zake, ng'ombe wakaenda, bwawa likabaki, na likaja kuwa mali ya kikundi cha wakulima, Wasabaot na Wabukusu waliopakana mashamba. Samaki walikuwemo, tilapia na kambare, na kikundi kilipitisha wavu humo kila kilipohitaji kitu. Kwa kuwa binadamu hakosi kuhitaji kitu, wavu haukukauka. Samaki wakawa wadogo, kisha wadogo zaidi, mpaka Nasir akaanza kulalamika.

Nasir ndiye aliyekuwa mnunuzi wao. Alikuwa anakaanga samaki Kitale mjini, karibu na msikiti, na waliobaki aliwapeleka Chwele siku ya soko. Alikuwa mtu wa maneno matamu na mafuta mengi, na alimwita Kipyegon "afande" kwa mzaha ambao haukuisha ladha.

"Afande," alimwambia siku moja akiwa ameinua tilapia kwa vidole viwili, "hii ni samaki ama ni njugu? Mteja akimeza hii anauliza chakula iko wapi."

Hapo Kipyegon akaona siku yake imefika. Akaenda kwa mwenyekiti wa kikundi, Rotich, mtu wa rika lake waliyekua naye ua kwa ua, akamweleza: tufunge wavu mwaka mzima, na tuwajengee samaki nyumba kule chini, wapate pa kujificha na pa kuzalia. Rotich alisikiliza akiwa ameegemea jembe. Alikuwa mtu mwangalifu ambaye hakuwahi kununua hata jogoo bila kumpapasa kwanza.

"Na tutajuaje kama wameongezeka?"

"Nitazama nihesabu."

"Wewe peke yako?"

"Kuna mwingine?"

Hakukuwa na mwingine, na hiyo ndiyo ilimkera Rotich. Hata hivyo kikundi kilikubali, kwa sharti la mwenyekiti: mwaka ukiisha Kipyegon azame mbele ya watu wote, na kama samaki hawajaongezeka, wavu uingie siku hiyo hiyo, na takataka zake zote azitoe mwenyewe kwa mikono.

Takataka ndilo neno alilotumia, na kwa kweli Kipyegon alizisomba nyingi. Matairi mabovu aliyapata kwenye magereji ya Kitale, akayafunga matatu matatu kwa waya. Visiki vya miti ya saipras vikavutwa na trekta. Nyuma ya kinu cha posho kulikuwa na kichwa cha pikapu kilichoota majani tangu mwenyewe alipokufa; nacho kikaingia majini, milango imeng'olewa, usukani ukiwa bado mahali pake. Watu walikuja kutazama kama wanaotazama arusi. Wengine walimuuliza kama wapangaji wameshalipa kodi, na mmoja akataka kujua ikiwa samaki atakayeendesha pikapu ana leseni. Kipyegon alicheka pamoja nao, maana kule jeshini alizoea kuchekwa na watu wenye vyeo.

Kosa lake halikuwa kwenye matairi. Lilikuja siku ile ya kwanza aliyozama kuona samaki waliopo ni wangapi, ili baadaye wapate cha kulinganisha. Alilaza kamba yake, akazama na kuibuka, akazama na kuibuka, na alipotoka akasimama ukingoni, maji yakimchuruzika, akapiga kifua na kutaja hesabu kwa sauti ya gwaride.

Hesabu yenyewe siitaji, hata mimi. Ni kwamba kwao, kitu kilicho hai hakihesabiwi mdomoni. Ng'ombe wanapoingia zizini jioni hakuna anayesema ni wangapi. Mchungaji anawajua kwa rangi na kwa majina, yule wa madoa, yule wa pembe iliyopinda, yule mkorofi, na akikosekana mmoja anamwona kwa kutokumwona. Watoto ndio kabisa. Muulize mama ana watoto wangapi, atakuambia, "Si unawaona?" na kugeuka kando. Kukihesabu kitu ni kukiitia mwenye kuja kukipunguza. Kipyegon alizaliwa na kulelewa ndani ya jambo hilo, lakini miaka ya chumvi ilikuwa imemsafisha kichwa, na alipoona wanawake wamenyamaza ghafla, na mmoja wao akimfunika mtoto wake kichwa kwa leso, alidhani wamestaajabia ushujaa wake.

Wiki haikuisha, wakaja ndege. Weusi, wenye shingo ndefu, kundi zima, wakatua juu ya bwawa na kula asubuhi mpaka jioni kama wageni wa matanga. Hakuna aliyewahi kuwaona hapo kabla. Nadhani walikuwa wanapita njia yao tu, lakini nenda kamwambie hivyo mtu aliyesikia ile hesabu.

Mama yake, Chesang, alimwita nyumbani kwake. Alikuwa mwanamke mwembamba, mnyoofu, asiyeinua sauti kwa sababu hakuhitaji.

"Nani alikutuma uwahesabu?"

"Mama, ni samaki. Si ng'ombe."

"Iko hai ama imekufa?"

"Iko hai."

"Basi," akasema Chesang, na kesi ikaisha. Tangu siku hiyo hakutaka hata kupita njia ya bwawani. Samaki wenyewe hakuwahi kuwala, aliwaita nyoka wa maji, na sufuria ambayo Lenah alipikia samaki ilibidi ikae jikoni kwa Lenah, isivuke ua. Hata hivyo alikasirika kwa niaba yao. Kipyegon aliona ajabu kwamba mama yake anawatetea nyoka dhidi ya mwanawe.

Mwaka ukapita. Mahindi yakavunwa, kiangazi kikaingia, maji ya bwawa yakatulia na kupungua tope kidogo, na siku ya kuzama ikawadia. Kikundi chote kilikuja. Wanawake waliinjika mahindi na maharagwe kwenye sufuria kubwa kando ya ukingo, na chai. Nasir alikuja na pikapu ya kukodi yenye masanduku matupu, maana yeye alikuwa ameshaamua moyoni kwamba wavu utaingia. Na wavu ulikuwepo, umekunjwa vizuri karibu na kiti cha mwenyekiti. Hata Chesang alikuja, akakaa mbali na maji, mgongo umenyooka, kama aliyekuja kusimamia mtihani.

Kabla Kipyegon hajavaa miwani, Rotich alisimama.

"Wamama wamesema, na sisi tumekubali. Uangalie, lakini usituletee namba hapa. Ile ya kwanza ilitosha."

"Sasa nitawaambiaje kama wameongezeka?"

"Hiyo ni yako, bana. Si ni wewe ulisomea?"

Wanaume wakacheka. Kipyegon hakucheka. Alielewa kwamba amefungwa mikono na miguu: kitu kimoja anachokijua kuliko wote hapo, ndicho asichoruhusiwa kukisema. Na jioni ile asipoaminiwa, nyumba alizozijenga zingevutwa nje moja moja, na wavu ungekomba kilichomo chote. Ilimuuma. Alikuwa mtu wa arobaini na kitu, na alijikuta anataka kulia kama mtoto aliyenyang'anywa daftari lake, akaingia majini haraka wasimwone.

Kule chini mambo yalikuwa mengine. Aliifuata kamba yake kwa pumzi aliyoizoea, akiibuka kuvuta hewa na kurudi. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya rangi, na mtu aliona umbali wa mkono na nusu, si zaidi, lakini ulitosha. Kwenye matairi ya kwanza walikuwa wamejaa. Kwenye visiki kambare walilala kama wazee waliotoka kunywa busaa, ndevu zimelegea. Alifunga fundo kwenye uzi uliokuwa mkononi kwa kila kumi alioona, kwa siri, maana tabia ni tabia, na mafundo yakawa mengi mpaka uzi ukaisha. Moyo ulimdunda kwa furaha. Halafu akafika kwenye kichwa cha pikapu, akachungulia dirishani, na akaona jambo lililomfanya ameze maji.

Alipanda juu akakohoa. Watu wakasimama. Akarudi chini. Akapanda tena, akarudi tena, mara nyingi kuliko ilivyohitajika, mpaka Lenah akapiga kelele kutoka ukingoni, "Baba Chepkirui! Umepanga chumba huko?"

Hatimaye akatoka, akitetemeka, akasimama mbele ya kikundi. Uzi alikuwa ameufumbata kiganjani. Akawaza kidogo, kisha akaanza kuwaeleza jinsi mchungaji anavyoeleza.

"Kwenye tairi za huku mbele wako wale wa mgongo mweusi, wamefikia urefu wa mkono wangu mpaka hapa. Wanatembea pamoja na hawanikimbii tena. Kuna mmoja amekatika mkia, nilimwona mwaka jana akiwa kama kidole, sasa ni dume na anafukuza wenzake. Kwa visiki ni kambare. Kuna mzee mmoja huko hata sikumpita, nilizunguka."

Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Habari za namna hii wanazijua. Mmoja akauliza huyo wa mkia uliokatika ni mkorofi kwa wote au kwa wageni tu, na wakabishana kidogo. Kipyegon akaona mlango unafunguka. Lakini Rotich hakubanduka kwenye wavu wake.

"Ni hadithi tamu," akasema. "Lakini hakuna mtu ameona isipokuwa wewe. Mimi naweza kuwaambia niko na ng'ombe mia kwa mawingu. Watu wanataka pesa ya mbolea kabla ya mvua. Mimi nasema wavu iingie tuone kwa macho."

Wanaume kadhaa wakaguna kukubali. Nasir alikuwa ameshaanza kukunja mikono ya shati.

"Kuna ingine nimeona," Kipyegon akasema, na sauti yake ikapungua. "Sijui kama ni mbaya. Kwa ile pikapu, chini ya usukani, kuna mama amekaa. Watoto wake wadogo, wadogo kabisa, wanacheza mbele yake. Niliponyoosha mkono, akafungua mdomo, akawameza wote."

Mwanamke mmoja akasema, "Woi."

"Nilidhani amewala. Nikangoja. Nilipojificha nyuma ya mlango akawatema. Wakatoka wazima, wanaendelea kucheza. Nikaingia tena, akawaweka tena mdomoni. Nimerudi mara nyingi nihakikishe sijalewa maji."

"Anawaficha," akasema Lenah polepole.

"Anawaficha."

"Ndio mtu kama wewe asiwahesabu!"

Wanawake wakaangua kicheko, wakapigana viganja, na Kipyegon mwenyewe akacheka, maana lilikuwa kweli. Alikuwa amejaribu kuwahesabu wale watoto, na kila alipofika katikati mama yao aliwafungia ndani. Bibi mmoja mkongwe akatangaza kwamba samaki huyo amelelewa vizuri kuliko watu wengi anaowafahamu. Kicheko kikapoa. Rotich akafungua mdomo kuuliza lini watarudi kwenye mambo ya maana.

Ndipo Nasir akaingilia, bila kufikiri, kama mtu anayesikia wengine wakizungumzia kazi yake. "Lakini hiyo ni kweli. Mimi napasua samaki kila siku. Kuna wale mama, ukifungua mdomo unakuta mayai, ama hivyo vitoto. Na ukipasua tumbo halina kitu. Kavu kabisa. Hata mdudu mmoja. Siku zote anazobeba watoto mdomoni, hawezi kula, akila si atawameza?" Akaangalia masanduku yake, na ikaonekana wazi usoni mwake kwamba amegundua alichojifanyia. "Haki ya Mungu," akaongeza kwa unyonge, "hawa huwa wamekonda. Hata bei hawana."

"Wewe kijana wa mjini."

Alikuwa Chesang. Watu wakageuka.

"Naam, mama."

"Tumbo haina kitu?"

"Haina, mama."

"Siku ngapi?"

Hapo Nasir, mjanja wa mjini, akamtazama Kipyegon kwanza kuona kama anaruhusiwa, kisha akajibu kwa busara, "Mpaka watoto wajiweze."

"Na watoto wanajua?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza Nasir habari hizo kwenye meza ya kukaangia. "Sidhani, mama. Wao wanacheza tu."

Chesang akalitazama bwawa, ambalo mwaka mzima hakutaka kulitazama. Akavuta leso mabegani.

"Huyo namjua," akasema.

Kipyegon alisimama pale na maji yakimdondoka, na ule mwaka wa njaa ukamrudia, mwaka ambao hata nchi ya mahindi ilikosa mahindi. Alijiona yeye na ndugu zake wameizunguka sufuria, na ugali mdogo uliokatwa kwa uzi, na mama yake amekaa mlangoni amewapa mgongo, anatengeneza kitu, kikapu, sijui nini. "Kuleni. Mimi nimekula kwa kina Rotich." Kila siku alikuwa amekula kwa kina Rotich. Kipyegon alikua akiamini kwamba nyumba ile ya jirani ilikuwa na chakula kisichoisha, na aliwaonea wivu.

Akamtazama mwenyekiti. Rotich alikuwa ameinamisha kichwa, na mkono wake ulikuwa umetoka juu ya wavu. Macho yao yalipokutana, Rotich akatikisa kichwa kidogo tu. Kwao pia hakukupikwa kitu mwaka ule. Mama yake Rotich naye alikuwa anawaambia wanawe amekula kwa kina Kipyegon.

Hakukuwa na kura. Rotich alisimama, akakohoa, akasema wavu hautaingia mpaka wale watoto wajiweze, na hata ukiingia hautafika upande wa pikapu. Akasema kwa sauti ya ukali, kama mtu anayegombana na mtu. Vijana wawili wakaubeba wavu kuupeleka stoo. Nasir akapakia masanduku yake matupu huku akimwambia dereva kwamba ulimi wake utamfilisi, na hakuonekana kusikitika sana.

Kipyegon akaufungua mkono. Uzi wa mafundo ulikuwa umemwachia alama kiganjani. Akautupa majini, akaenda kwa mama yake, akachuchumaa mbele yake. Alikuwa na mengi ya kusema.

"Vaa shati," akasema Chesang. "Unatetemeka."

"Mama, umekula?"

"Nimeshakula," akajibu upesi, bila kufikiri. "Wape wageni kwanza."

Kipyegon akainuka, akaenda kwenye sufuria, akamwambia Lenah apakue sahani ijae. Akarudi nayo kwa mikono miwili, akaiweka kwenye magoti ya mama yake, akaketi chini kwenye nyasi mbele yake, na hakuondoka mpaka alipomwona amemaliza.